Njaa imerudi miezi 14 baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo: ni njaa ya kweli au ni mazoea?

#1 Kijiko Kidogo (mleta mada)

Habari zenu wanajukwaa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Morogoro. Miezi 14 iliyopita nilisafiri kwenda India kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wa slivu, ambapo tumbo hukatwa kwa urefu na kubakizwa kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Niliingia chumba cha upasuaji nikiwa na kilo 131, na leo asubuhi mizani imesoma 89. Matokeo siyalalamikii hata kidogo. Ninacholeta hapa ni jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha nalo.

Kwa miezi 8 ya kwanza sikujua njaa ni kitu gani. Nilikuwa ninatega kengele kwenye simu ili nikumbuke kula, na vijiko 5 vya mtindi vilinitosha mpaka mchana. Niliwapikia watoto wali wa nazi, na harufu yake ikanipita kama inavyompita mtu mwenye mafua. Mwezi wa 9, jioni moja nikiwa ninamenya ndizi, nikasikia tumbo linanguruma, nikacheka peke yangu kwa sababu sauti hiyo nilikuwa nimeisahau. Sasa sicheki tena. Ikifika saa 4 usiku, watoto wakiwa wamelala, ninajikuta nimesimama mbele ya friji, mlango uko wazi, baridi inanipiga miguuni, na mkononi nina kipande cha mkate ambacho sikumbuki nimekichukua saa ngapi.

Ninawaomba waliopitia njia hii waniambie: njaa hii inatoka tumboni au kichwani, na ninyi mnaishi nayo vipi?

#2 Babu wa Ujiji

Pole, mwanangu. Kwa maoni yangu jibu ni jepesi: tumbo limetanuka. Mfuko wa tumbo ni kama soksi, ukiuvaa kila siku unalegea, na wewe bila shaka umekuwa ukiongeza kijiko kimoja leo na kimoja kesho mpaka nafasi iliyoondolewa na daktari imerudi. Mke wangu alifanyiwa upasuaji huo huo, na alionywa mapema kwamba mfuko unaoshindiliwa hulegea. Rudi kwenye supu na uji mwepesi kwa siku 5 mfululizo, tumbo litajikunja lenyewe.

#3 Mshona Viraka

Ninatofautiana na Babu. Slivu huondoa ile sehemu ya juu ya tumbo inayotengeneza grelini, ambayo ni homoni ya njaa iliyogunduliwa Marekani mwaka 1994. Sehemu hiyo ikishatupwa, homoni nayo imetupwa, na haiwezi kuchipua upya kama mchicha. Kwa hiyo unachokisikia wewe si njaa, ni uchu. Mwenye njaa hachagui, mwenye uchu huchagua. Jiulize kama saa hiyo ya usiku ungekubali kula yai la kuchemsha lililopoa. Kama hulitaki, basi huna njaa.

#4 Nesi wa Zamu ya Usiku

Mshona Viraka, kipimo chako cha yai nimekipenda, lakini tarehe umezichanganya. Homoni iliyogunduliwa mwaka 1994 kule New York ni leptini, ambayo hutengenezwa na mafuta ya mwili na huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Grelini ilitangazwa mwaka 1999 na Wajapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa. Pia si kweli kwamba huondoka yote. Sehemu ya tumbo inayokatwa ndiyo kiwanda kikubwa, lakini utumbo mdogo nao hutengeneza kiasi, na ndiyo maana vipimo vya damu baada ya slivu huonyesha kwamba grelini imeshuka sana, si kwamba imekwisha.

Babu, kuhusu soksi yako: kipande kinachobaki hutanuka kadiri muda unavyokwenda, na hilo halibishaniwi. Kinachobishaniwa ni kama kutanuka huko peke yake kunatosha kueleza njaa. Ama siku 5 za supu, hizo hazikunji tumbo la mtu. Zinachofanya ni kumwondolea mkate na biskuti, akapungua maji mwilini, mizani ikashuka, akaamini kwamba mfuko umejikunja.

Mleta mada, kabla hatujaendelea kugombania kichwa na tumbo lako, tueleze unakula nini tangu asubuhi mpaka usiku, unakunywa nini na saa ngapi, na kama unatapika. Suala la kutapika siliulizi kwa kupitisha muda. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa aina hii akitapika kwa siku nyingi anaweza kuishiwa vitamini B1, na upungufu huo huharibu neva na ubongo kwa haraka. Huyo hapaswi kusubiri majibu yetu, anapaswa kwenda hospitali.

#5 Mwana Likoni

Asante kwa uzi huu. Mimi ni wa baipasi, si wa slivu. Kwa wasiojua tofauti, kwetu sisi tumbo halitolewi nje. Hutengwa kijifuko kidogo juu, kinachojaa kwa vijiko vikubwa viwili hivi, kisha utumbo huunganishwa nacho moja kwa moja, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo.

Mwaka wangu wa kwanza ulipita kwa amani. Katika mwaka wa pili kikaanza kitu ambacho nilikiita njaa kwa kukosa jina jingine. Saa 1 asubuhi nilikuwa ninakunywa chai ya maziwa yenye sukari na mahamri 2. Ikikaribia saa 3, mikono ilianza kutetemeka nikashindwa kushika kalamu, jasho likanitoka ilhali kiyoyozi cha ofisi kinavuma, na njaa yenyewe haikuwa ya kuombwa isubiri. Nilikula chochote kilichokuwa karibu, mara nyingi kitu kitamu, nikapata nafuu kwa muda, kisha mambo yakaanza upya. Nilijiona mlafi, na niliona aibu kumwambia hata mke wangu. Binamu yangu mwenye kisukari alinikuta katika hali hiyo siku moja, akanishika kidole, akanichoma kwa kifaa chake cha kupimia sukari. Kilisoma 2.8, yaani sukari iko chini mno.

Nilivyoelezwa baadaye kliniki ni kwamba sukari ikiteremka kwenye utumbo kwa ghafla, kongosho hujibu kwa insulini nyingi kuliko inavyohitajika, na baada ya saa 1 hadi 3 sukari ya damu huanguka chini ya kiwango. Hali hii huwapata zaidi watu wa baipasi, na aghalabu hujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, ingawa wa slivu nao hawakukingwa. Mshona Viraka, njaa yangu ilikuwa inachagua kama unavyosema, tena ilichagua vitamu tu, lakini haikuwa uchu.

#6 Kijiko Kidogo (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nesi, sitapiki. Chakula changu ni hiki, na ninakiandika bila kupunguza kitu: saa 12 asubuhi kikombe cha chai ya maziwa na biskuti 4, saa 4 ndizi mbivu moja, saa 7 mchana vijiko 6 au 7 vya wali na maharage, tena ninasukumia kwa maji kwa sababu wali hunikwama hapa chini ya kifua. Saa 10 ni chai nyingine, na saa 1 usiku kitonge cha ugali na mboga, siku nyingine pamoja na samaki. Yaliyobaki yanatokea mbele ya friji, nanyi mmeshayasikia.

Hospitali iliyonifanyia upasuaji ilinipa karatasi ya maelekezo ya wiki 6. Wiki ya 7 haikuandikwa popote, na barua pepe nilizotuma baadaye hazijajibiwa mpaka leo.

#7 Fundi Mizani

Dada, usione vibaya, lakini nimechukua kalamu. Hata nikiwa mkarimu katika kukadiria, protini uliyoiorodhesha hapo haifiki gramu 40 kwa siku isiyo na samaki, wakati wengi wetu tunaambiwa tusishuke chini ya 60. Yai moja lina gramu 6 hivi, na kipande cha samaki cha upana wa kiganja, kisicho na miba, kina kama 20. Mtu asiyepata protini ya kutosha husikia njaa hata kama kalori zimetosha, na halaumiwi kwa hilo.

Jambo la pili ni biskuti. Chovya biskuti kwenye chai uhesabu inachukua sekunde ngapi kugeuka uji. Mle ndani hali ni hiyo hiyo. Sisi kwenye kundi letu tunaviita vyakula vinavyoteleza: biskuti, aiskrimu, krispi, keki na uji mtamu. Tumbo jembamba huzuia nyama na samaki, ila haliwezi kuzuia kitu ambacho kimeshakuwa kioevu. Unakula, kinapita, na baada ya nusu saa nafasi iko wazi tena. Maji unayosukumia wali yanafanya kazi hiyo hiyo. Kinachonisaidia mimi ni kuweka kikombe mbali ninapokula, nikangoja nusu saa baada ya kumaliza ndipo ninywe. Aidha ninaanza na samaki au yai, mboga zinafuata, na wali ninaugusa mwisho kama bado pana nafasi. Mara nyingi nafasi huwa haipo.

Nina miaka 4 tangu slivu. Katika mwaka wa pili nilirudisha kilo 9, nikafanikiwa kuondoa 6, na hizo 3 tumeamua kuishi pamoja.

#8 Babu wa Ujiji

Basi Fundi ametuharamishia chai ya saa 10. Hicho kitu hata serikali haijawahi kujaribu.

Nesi, soksi nimeikubali nusu. Ila mke wangu anasema siku ambazo hakunywa maji ya kutosha ndizo anazosikia njaa zaidi, na kwamba nyingi ya hizi njaa za usiku ni kiu iliyovaa kanzu ya njaa. Ninyi watu wa tumbo dogo hamwezi kugugumia maji, mnaonja tu kama mnaonja dawa, kwa hiyo kiu haiwaachi.

#9 Mswahili wa Maskati

Assalamu alaykum. Huku Ghuba upasuaji huu umekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba katika familia ya mke wangu tumekatwa watu wanne, na kwenye karamu tunakaa meza moja ili tusiaibishwe na sinia.

Ninaleta sababu ambayo haijaguswa. Mimi pia nilikuwa na njaa ya usiku, yenye kuguguna, hapa juu ya kitovu, na nikila kipande cha mkate inatulia. Nilikula mkate usiku kwa miezi 5. Nilipomwona daktari kwa sababu nyingine kabisa, yaani kikohozi kikavu kilichokuwa kinaniamsha alfajiri, alinipeleka kwenye kipimo cha kamera tumboni, na jibu likawa ni asidi inayopanda. Slivu hulifanya tumbo kuwa bomba lenye shinikizo, na kwa baadhi yetu kiungulia huanza au huzidi baada ya upasuaji. Nilipewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, nikainua kichwa cha kitanda kwa matofali 2, nikaacha kula saa 3 kabla ya kulala. Njaa ile ilipungua kwa zaidi ya nusu. Mkate ulikuwa unanyonya asidi, nami nikadhani unanishibisha.

Mleta mada, ukiwa mbele ya friji hebu weka mkono mahali njaa ilipo. Iko wapi hasa?

#10 Msomaji wa Usiku

Mjadala ni mzuri, lakini naona kila mmoja anatafuta kosa dogo katika sahani ya dada huyu. Mimi nadhani mwili wake haujakosea kitu, unadai deni lake tu.

Mwishoni mwa mwaka 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, akawapa chakula cha nusu tumbo kwa miezi 6 mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi kama watu wanaosoma barua za wachumba, na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka tumbo likajaa kabisa na bado wakasema wana njaa. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mwaka 2011, watafiti wa Australia waliwapima watu 50 waliopungua kwa kubana chakula, wakakuta kwamba hata baada ya mwaka mzima homoni zao za njaa zilikuwa bado juu na za shibe bado chini. Mwili una kumbukumbu ya uzito wake wa zamani. Upasuaji huuziba mdomo kwa mwaka mmoja, halafu mwili unafungua tena.

Hata ule utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 na kuwafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliofanyiwa upasuaji ulionyesha kwamba uzito hufika chini kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha hupanda kidogo kidogo kwa miaka kadhaa kabla ya kutulia. Wasweden wote hao hawawezi kuwa walikuwa wanakula biskuti.

#11 Mshona Viraka

Nesi, nimekubali kosa la tarehe.

Msomaji wa Usiku, mifano yako ni mizuri, lakini umeunganisha nguo mbili za vipimo tofauti. Vijana wa Minnesota hawakuwa wanene wala hawakukatwa tumbo. Wale 50 wa Australia walibana chakula tu, nao pia hawakukatwa. Kwa aliyekatwa mambo huenda kinyume. Mwaka 2002 David Cummings na wenzake wa Seattle walipima grelini kwa saa 24 kwa watu wa baipasi waliokuwa wamepungua sana, wakaikuta iko chini sana, tena chini kuliko ya watu wembamba, ilhali kwa waliopungua kwa kubana chakula ilikuwa imepanda. Kama mwili unadai deni, kwa nini kwa watu wa upasuaji mdai amenyamaza?

Kuhusu Wasweden, wengi wao walifanyiwa upasuaji wa aina za zamani, wa kufunga tumbo kwa pini au mkanda. Tusiwahukumu watu wa slivu kwa matokeo ya mkanda.

#12 Nesi wa Zamu ya Usiku

Utafiti wa Cummings ni sahihi, lakini usimalizie hapo, Mshona Viraka. Waliokuja baada yake kupima watu wa baipasi walipata majibu yanayogongana: kwa wengine grelini imeshuka, kwa wengine haikubadilika, kwa wengine imepanda baada ya muda. Kinachokubalika zaidi ni upande wa pili wa mizani, yaani homoni za shibe, GLP-1 na PYY, ambazo hupanda sana baada ya kula kwa sababu chakula hufika haraka sehemu za chini za utumbo. Kwa hiyo huenda utulivu wa mwaka wa kwanza haukutokana na kukosa njaa bali na kushiba mapema. Sasa kama shibe hiyo huitwa na chakula kinachofika chini, mtu anayekula kidogo kidogo cha kuteleza kutwa nzima anaipata kwa kiasi gani? Hilo ninaliacha hapo, maana mimi ni nesi, si mtafiti.

Babu, suala la kiu lina ukweli wa kiutendaji lakini nadhani limetiwa chumvi. Kunywa maji kati ya milo ni lazima, lita 1.5 kwa siku au zaidi, kwa sababu hawa ndugu zetu hukaukiwa haraka. Ila mimi mwenyewe ninafanya kazi usiku na tumbo langu halijakatwa, na ikifika saa 9 alfajiri ninataka chipsi kwa namna ambayo glasi ya maji haijawahi kuitatua. Kukosa usingizi huongeza njaa kwa mtu yeyote. Mleta mada, unalala saa ngapi?

#13 Dada wa Chumbageni

Nimesoma yote kimya kimya na sasa nataka kuzungumzia yale yasiyopimwa kwenye damu.

Nilifanyiwa slivu miaka 3 iliyopita. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga asilia, kwake chakula ndicho lugha, na kila nikienda huweka sinia la pilau, kisha hukaa ananitazama mkono. Nikila matonge 4 nikaacha, husema, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Basi ninakula la 5 kwa ajili yake, la 6 kwa ajili ya amani, na la 7 linanikwama, ninaondoka mezani nikitabasamu kwenda kulitema. Nikirudi nyumbani, usiku huo huo, ninakuwa na njaa kali. Nielezeni hiyo ni homoni gani.

Kabla ya upasuaji, nikiwa na huzuni nilikuwa nakula, nikiwa na hasira nakula, nikifanikiwa jambo ndiyo zaidi. Daktari aliniondolea tumbo lakini hakunipa kitu kingine cha kufanya na huzuni. Mwaka ule wa kwanza nilipokuwa sisikii njaa nililia sana, na watu walidhani ni maumivu ya kidonda. Nilikuwa nimefiwa na rafiki yangu wa kila siku. Kwa hiyo, Kijiko Kidogo, ninapokusoma ukisema ulicheka tumbo liliponguruma, nilielewa zaidi ya ulivyoandika.

Sasa hivi usiku ninasuka ukili. Mikono ikiwa na kazi, friji hainiiti sana. Si kila siku.

#14 Puto la Zamani

Naomba kuingia kwa kifupi, maana mimi sikukatwa, niliwekewa puto la kujaza nafasi tumboni, huduma ambayo siku hizi inapatikana hata hapa nyumbani, hospitali ya Mloganzila ikiwemo. Puto hukaa miezi 6 hivi, kisha hutolewa. Halikati kitu wala haliondoi kiwanda chochote cha grelini. Njaa yangu ilipotea kwa miezi 3 tu, mwezi wa 4 ikaanza kurudi puto likiwa bado limo ndani, na lilipotolewa ikaja na ndugu zake. Kama njaa ni suala la nafasi, kama asemavyo Babu, kwa nini ilirudi ilhali nafasi ilikuwa bado imejaa?

#15 Babu wa Ujiji

Puto la Zamani, wewe umekuja kunimalizia soksi yangu.

#16 Bint Fumba

Samahani kwa swali la pembeni kidogo. Nina miezi 7 tangu slivu na Ramadhani inakaribia. Njaa sina, ila ninaogopa ikija wakati nimefunga. Kuna aliyefunga?

#17 Mwana Likoni

Bint Fumba, madaktari wengi hushauri kusubiri mwaka mmoja au mwaka na nusu, na hoja kubwa si njaa bali ni maji, kwa sababu kati ya magharibi na alfajiri hutaweza kuyaingiza yote kwa mikupuo midogo. Muulize daktari wako, kisha mwulize shekhe wako ukiwa na jibu la daktari mkononi. Mimi nilifunga mwaka wa pili. Siku ya kwanza nilifuturu kwa tende 3 na glasi ya juisi ya embe kama nilivyozoea tangu utotoni, na kabla robo saa haijapita moyo ulikuwa unakwenda mbio, nimelala sakafuni sebuleni, watoto wananipepea kwa mkeka wa kuswalia. Tangu hapo tende ni moja, inafuatiwa na supu ya samaki, na juisi ninawatazama wenzangu wakinywa.

#18 Mswahili wa Maskati

Nashangaa hakuna aliyetaja sindano. Huku wengi ambao njaa imewarudia baada ya slivu sasa wanapewa dawa za kundi la GLP-1, kama Ozempic, ambazo huiga homoni ile ile ya shibe aliyoitaja Nesi. Shemeji yangu anachoma mara moja kwa wiki na anasema kichwa chake kimenyamaza. Mshona Viraka, dawa inayofanana na homoni ya utumbo inamwondolea mtu uchu. Sasa uchu na njaa unavitenganisha wapi?

#19 Nesi wa Zamu ya Usiku

Swali zuri, na silijibu. Naongeza tahadhari tu: mtu ambaye tayari anakula kidogo na protini yake haifiki 60, akipunguziwa hamu zaidi bila kupimwa damu, anaweza kukonda misuli badala ya mafuta. Na tafadhali msinunue kwa wauzaji wa mitandaoni.

#20 Kijiko Kidogo (mleta mada)

Nimekaa kimya wiki 3 kwa sababu nilitaka kurudi na kitu mkononi. Nilinunua daftari la shule la kurasa 48, na kila njaa iliyokuja niliiandika: saa, mahali ilipo mwilini, nilichokula mwisho, na jibu la yai la Mshona Viraka, ndiyo au hapana.

Sukari nimepima mara 6 wakati njaa imekolea, na haikushuka chini ya 4.6, hivyo ya Mwana Likoni si yangu. Biskuti nimeziacha, nimeweka mayai 2 asubuhi na dagaa mchana, na njaa ya saa 4 asubuhi imetoweka kabisa, kwa hiyo Fundi Mizani anastahili zawadi. Daktari wa hapa amenipa dawa ya asidi kwa majaribio. Njaa ya juu ya kitovu imepungua siku kadhaa, siku nyingine haikupungua. Ninalala saa 5 kwa usiku, Nesi, na sijui nitazipata wapi nyingine.

Lakini kuna jambo katika daftari ambalo silielewi. Njaa za usiku zimeandikwa mara 11, na katika hizo yai nilikubali mara 7. Mara 4 nililikataa, na zote 4 ni Jumatano. Jumatano ndiyo siku ambayo mume wangu hulala Dodoma kikazi.

#21 Dada wa Chumbageni

Ninakutumia ujumbe binafsi. Ukili unao?

#22 Mshona Viraka

Mara 7 kati ya 11. Nilidhani zingekuwa 2. Kabla sijasalimu amri, naomba kuuliza: mayai hayo yalikuwa yamepoa kweli, au uliyatia pilipili na chumvi?

#23 Kijiko Kidogo (mleta mada)

Chumvi kidogo.